Mgeni Rasmi wa Kumbi Tisa

Tatizo la Jioni ya Sanaa lilikuwa moja tu: watu walikuwa wanakuja.

Kila mwaka, kwa jioni moja, jiji lilifungua kumbi zake zote bure. Ukumbi wa michezo, maktaba, makumbusho, bohari la zamani la reli, zote. Tiketi hakuna, kiingilio hakuna. Na kwa kuwa kiingilio hakuna, kila mwenye miguu aliingia. Wauza mitumba waliingia. Madereva wa malori waliingia na wake zao, na wake zao wakaingia na mashoga zao. Mwaka uliopita Mheshimiwa Meya alichelewa kidogo, kama inavyompasa mtu wa hadhi yake, akakuta ukumbi wa michezo umejaa pomoni. Alitazama onyesho zima akiwa wima nyuma ya fundi bomba mwenye kofia pana, yaani aliitazama kofia. Kesho yake aliingia ofisi ya utamaduni, akakataa kiti alichopewa, akasema maneno matatu.

"Jana mimi nilisimama."

Akatoka.

Maneno hayo yalimwangukia Kaimu kichwani kama tofali. Kaimu alikuwa Kaimu Mkurugenzi wa Utamaduni. Alianza kukaimu mke wake akiwa na mimba ya mtoto wao wa mwisho, na mtoto huyo sasa alikuwa darasa la kwanza na anajua kusoma kibao kilicho mlangoni kwa baba yake, neno "Kaimu" na yote. Ofisini aliitwa Kaimu, sokoni Kaimu, kwenye misiba Kaimu. Mkewe naye, akikasirika, alimwita Kaimu, na siku za karibuni alikasirika mara nyingi. Mkewe alikuwa fundi cherehani. Alishamshonea suti ya siku ya kuthibitishwa, na tangu ishonwe alikuwa ameilegeza kiunoni mara mbili.

Kuthibitishwa kulihitaji sahihi ya mtu mmoja, naye ndiye huyo aliyesimama.

Mchana wake katibu muhtasi wa Meya alipiga simu. "Kaimu, ndugu yangu, nakupenda ndiyo maana nakwambia. Mheshimiwa akikaa vizuri mwakani, na wewe utakaa vizuri."

Haikuhitaji tafsiri. Kabla jua halijazama Kaimu alikuwa ameunda Kamati ya Kuratibu Ukaaji.

Kamati ilifanya kazi kubwa, na watu wenye wivu tu ndio watakaosema ilikunywa chai. Ilitembelea kumbi zote tisa na kukaa kwenye viti vyake. Ilibaini kwamba kiti kimoja hakiwezi kukaliwa na kiongozi na mwananchi kwa wakati mmoja. Ilibaini pia kwamba mwananchi, akishakaa, hupata shida kuinuka, kwa sababu hajazoea kukaa. Kwa hiyo viti vikagawanywa kwa madaraja. Daraja la kwanza viongozi. La pili wenza wa viongozi. La tatu walinzi wa viongozi, maana mlinzi aliyesimama anachosha macho ya aliyekaa. La nne viongozi wastaafu, la tano wenza wao. La sita ndilo lililoumiza vichwa: viongozi watarajiwa. Hao ni watu ambao hawajawa viongozi bado lakini dalili zinaonekana. Wengine kwa tumbo, wengine kwa ukoo.

Walipomaliza kugawa, viti vya jiji zima vilikuwa vimekwisha na watarajiwa wengi walikuwa bado wamesimama. Kamati haikukata tamaa. Iliagiza vikusanywe hata viti vya jukwaani, vile wanavyotumia wasanii kwenye maigizo yao.

"Na wananchi?" aliuliza mhasibu. Mhasibu alikuwa mjumbe wa kamati kwa kosa la kupita mlangoni siku inaundwa.

"Wananchi tumewapa nje," Kaimu alisema.

"Nje wapi?"

"Nje yote."

Ikaandikwa hivyo. Barabara, maegesho ya magari na vichochoro vikaitwa Eneo la Ushiriki wa Wananchi. Kwa ukubwa lilizidi kumbi zote tisa kwa pamoja, na Kaimu alipenda kulitaja hilo kila alipohojiwa redioni. Hakuna serikali ya jiji iliyowahi kuwapa wananchi wake nafasi kubwa namna ile.

Likabaki suala la mgeni rasmi. Kila ukumbi lazima uwe na mgeni rasmi. Shughuli isiyo na mgeni rasmi haina tofauti na watu kukutana tu. Wajumbe wote walikubaliana kwamba katika ukumbi wa michezo mgeni rasmi atakuwa Mheshimiwa Meya. Mmoja akapendekeza maktaba apewe Naibu Meya. Wajumbe wengine waligeuka kumtazama. Aliyependekeza akaanza kukohoa, akasema alikuwa anatania.

"Mheshimiwa Meya atakuwa mgeni rasmi wa kumbi zote," Kaimu alisema.

"Kumbi ni tisa," mhasibu akasema. "Na Mheshimiwa ni mmoja."

"Ndugu mhasibu, unataka kuiambia kamati hii kwamba Mheshimiwa hatoshi?"

Mhasibu aliangalia kikombe chake. "Sijasema hivyo mimi."

"Basi iingizwe kwenye kumbukumbu: Mheshimiwa anatosha."

Ikaingizwa. Yakanunuliwa makochi tisa ya mahameli mekundu, kila moja likawekwa mbele ya ukumbi wake na kitambaa cheupe mgongoni. Ukatolewa mwongozo ambao hata mtoto angeuelewa. Shughuli haitaanza kabla mgeni rasmi hajaketi. Mtu yeyote hatainuka kabla mgeni rasmi hajainuka. Na mgeni rasmi atafika kwa msafara, aingie kwa mlango mkubwa. Meya aliusoma mwongozo mara mbili, akausaini, akampiga Kaimu bega. Kaimu alirudi nyumbani akilishika bega hilo kama mtu aliyechanjwa.

Nyumbani alikuta moto.

Mkewe alikuwa na kikundi chake cha maigizo, mafundi cherehani wanne wa sokoni waliokuwa wakifanya mazoezi jioni baada ya kufunga mashine zao. Mwaka huu walipangiwa ukumbi wa michezo wenyewe, jukwaa kubwa kabisa. Mchezo wao ulimhusu mwenye nyumba mmoja asiyeinuka kitini. Akienda kudai kodi anabebwa na kiti chake. Akienda harusini anabebwa na kiti chake. Mwenye nyumba aliigizwa na mke wa Kaimu, na tumbo lake lilijazwa vipande vya vitambaa vya wiki nzima. Mama yake mzazi alikuwa ameletwa na basi kutoka mbali, safari ya siku mbili, aje kumtazama binti yake kwa macho yake.

"Mama anakaa wapi?" mke aliuliza kabla Kaimu hajavua kiatu.

"Wananchi wanashiriki wakiwa nje."

"Sikukuuliza wananchi. Nimekuuliza mama yangu."

Kaimu alishusha sauti, kwa sababu mama mkwe alikuwa hapo hapo mkekani anachambua mchele. "Mke wangu, kiitifaki mama mkwe wa kaimu hana daraja. Angekuwa mama mkwe wa mkurugenzi kamili, hapo tungezungumza. Ndiyo maana nahangaika hivi."

"Mwache mkwe wangu," mama akasema bila kuinua uso. "Nitakaa chini. Watoto saba nimewazaa chini, sembuse kutazama mchezo."

"Na kiti chetu je?" mke akaendelea. "Kuna vijana wa jiji wamekuja sokoni leo, wamekibeba. Kiti cha mwenye nyumba! Tumekitengeneza kwa mikono yetu."

"Kiti kimepangiwa majukumu mengine."

"Kaimu! Mchezo mzima ni wa mtu asiyeinuka kitini. Mimi nitakaa wapi?"

"Mwigize amesimama."

"Mtu asiyeinuka, nimwigize amesimama?"

"Sanaa ni ubunifu, mke wangu."

Mkewe alimtazama kama kitambaa kilichokatwa vibaya, anajiuliza kama kitafaa hata kwa mfuko. Hakusema tena. Kaimu, ambaye alikuwa msomi wa tabia za watu, aliuhesabu ukimya huo kuwa makubaliano.

Siku ikafika. Saa kumi na moja viongozi walianza kuingia ukumbi wa michezo. Ilikuwa raha kuwatazama. Kila aliyekaa aliketi kwa kujiamini, akaweka chupa yake ya maji mbele, akaangalia nyuma kuona nani amekaa nyuma yake. Walinzi wa Meya nao walikuwa wameshafika, safu nzima ya daraja la tatu. Waliwahi kushikilia viti vyao, maana walisikia watarajiwa wanavinyemelea. Kaimu aliwapita akawapigia saluti ndogo. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Mbele kabisa, peke yake, kochi jekundu lilisubiri.

Kilichobaki ni kusubiri nalo.

Wakasubiri. Nje kulisikika umati, kama mvua iliyo mbali. Jua likazama, taa zikawashwa. Naibu Meya, mtu mpole asiyewahi kuonekana amekasirika wala amefurahi, alikuwa safu ya kwanza, mikono juu ya magoti. Kaimu, ambaye jioni hiyo alijipa mwenyewe kazi ya afisa itifaki, aliisogeza redio yake ya mkononi karibu na sikio.

"Itifaki, itifaki, huku maktaba. Wapiga ngoma wameomba kwenda haja."

"Ruhusu."

"Nimeruhusu. Wameenda wote kumi na wanne. Na ngoma."

Kaimu alifikiri kidogo. "Watarudi."

"Nawasikia barabarani, wanapiga."

Kutoka makumbusho iliripotiwa kwamba waimbaji wametoka kupunga upepo na upepo umewapenda. Kutoka bohari la reli, kwamba mchoraji ameona kuta za nje ni kubwa zaidi. Kaimu hakutetereka. Mwongozo ulisema shughuli haitaanza kabla mgeni rasmi hajaketi; kwa hiyo lolote lililokuwa linaendelea huko nje, kisheria, lilikuwa halijaanza.

Redio ikakoroma tena. "Itifaki, huku geti kubwa. Nina mzee hapa anasema yeye ni Meya."

"Ana msafara?"

"Hana. Yuko peke yake. Viatu vina matope."

"Ana mlinzi?"

"Hata wa kusingizia hana."

"Anafanana na Meya?"

"Yule wa kwenye mabango? Hapana. Yule ana nywele."

Kaimu alitabasamu. Kila shughuli kubwa huwa na mtu wake anayejifanya mkubwa. "Basi si yeye. Mpeleke Eneo la Ushiriki wa Wananchi."

"Anasema nitajuta."

"Kila mwananchi husema hivyo. Mpeleke."

Alikuwa bado anajipongeza kwa uamuzi huo pale mlango wa nyuma ya jukwaa ulipofunguka. Wakaingia wanawake wanne. Mmoja alikuwa na tumbo kubwa la mwenye nyumba na fimbo mkononi. Waliinamia viongozi kwa heshima zote, wakalizunguka kochi jekundu, wakalishika miguu minne, wakahesabu tatu, wakalibeba. Wakatoka nalo.

Shingo zote ziligeuka kulifuata. Kisha kiongozi mmoja mstaafu alitikisa kichwa polepole, ameridhika. "Wanakwenda kumpokea nalo nje," alimwambia mwenza wake. "Itifaki imekua siku hizi. Enzi zetu mgeni alikuwa anatembea."

Kaimu alitaka kukimbia. Lakini afisa itifaki hakimbii mbele ya viongozi, kwa hiyo alitembea, na kila aliyempita alimshika mkono na kumnong'oneza swali. Mmoja alitaka kujua chakula ni saa ngapi. Mtarajiwa mmoja, amebana magoti, alitaka kujua kama mwongozo una kifungu cha dharura. Kaimu alimwambia avumilie, uongozi ni uvumilivu. Alipofika mlango wa nyuma jasho lilikuwa limeshapita shati na kufika kwenye koti.

Alifungua kidogo, upana wa uso.

Maegesho yote ya magari yalikuwa watu. Watu juu ya ukuta, watu juu ya mapipa, watoto mabegani mwa baba zao. Katikati waliacha duara, na ndani ya duara, chini ya taa ya barabarani, lilikaa kochi la mgeni rasmi, na juu ya kochi alikaa mke wa Kaimu, amevimba kama gunia, anadai kodi. Hajawahi kumwona mkewe hivyo. Alikuwa anazungumza kwa sauti nene yenye mafuta, akitaka kubebwa kwenda chumba cha pili, na watu walikuwa wanacheka mpaka wanashikana.

"Wapangaji wangu ni watatu tu?" alifoka. "Kochi lina miguu minne! Nani mwingine hajalipa?"

Ukingoni mwa duara, mbele kabisa, alikuwa amesimama mzee mfupi mwenye suti na upara unaong'aa.

"Baba, hebu kaa chini," sauti moja ikasema kutoka nyuma yake. Kaimu aliijua, ilikuwa ya mama mkwe. "Tumekuja kutazama mgongo wako?"

"Mama, unajua mimi ni nani?"

"Sijui. Najua si kioo."

Mzee aligeuka kwa hasira, taa ikamwangukia usoni, na Kaimu akamtambua Mheshimiwa.

Baadaye habari ilikuja kujulikana yote. Msafara ulifika karibu na ukumbi ukakuta barabara imejaa wananchi, waliowekwa pale na mwongozo. Magari yakakwama. Meya akasubiri walinzi wampasulie njia, akakumbushwa na dereva kwamba walinzi wapo ndani, wamekaa. Akashuka akapenya mwenyewe, bila msafara, mpaka getini, na getini bawabu akafuata maelekezo.

Lakini wakati ule Kaimu hakuwa na baadaye. Alikuwa na mwanya wa mlango tu.

"Mimi ni Meya wa jiji hili!" mzee alipaza sauti.

Umati ukaangua kicheko. Mtu akapiga mluzi. Walidhani ni mmoja wa waigizaji, na walimwona mzuri kuliko wote.

"Meya ndiyo vizuri," akasema mke wa Kaimu, bila kutoka nje ya sauti ya mwenye nyumba. "Meya naye si mpangaji tu? Njoo hapa. Shika mguu wa nyuma."

"Shika! Shika!" watu wakaitikia, na mikono ikamsukuma taratibu mpaka kwenye kochi. Alifungua mdomo kusema kitu, kochi likainuliwa, na mtu akiwa chini ya kochi lenye mtu juu hana la kusema. Akabeba. Walilizungusha duara zima. Mwenye nyumba alimgusa upara kwa fimbo, "Songa, songa, kodi imepanda," na kila akimgusa watu walilia kwa kicheko. Simu zilikuwa juu kama shamba la mahindi.

Wakapita mbele ya mlango. Meya aliinua kichwa, jasho likimtiririka puani, akamwona.

"Kaimu!" alisema. "Kaimu!"

Hapo Kaimu alisimama na maisha yake yote mkononi. Angeweza kutoka. Angeweza kupiga kelele kwamba huyo kweli ni Meya, kusimamisha mchezo, kumshika mkono. Angembeba yeye mgongoni, akitaka. Lakini akitoka, itajulikana kwamba ameona. Na akiwa ameona, itaulizwa nani aliamuru ageuzwe getini, na aliyeketi juu ya kochi ni mke wa nani. Jambo ambalo halimo kwenye ratiba, Kaimu alijifunza hivyo kazini, halijatokea mpaka mtu alishuhudie.

Akaufunga mlango, polepole, usigonge.

Kisha akarudi ukumbini, akapanda jukwaani, akanyoosha tai yake. "Waheshimiwa," alitangaza, "mgeni rasmi yuko njiani."

Walipiga makofi. Alitangaza tena baada ya hapo, na tena. Nje vicheko vilipasuka, ngoma za maktaba zikaja zikajiunga, jiji lote likawa linaimba na kurandaranda. Ndani, viongozi waliendelea kusugua viti vyao, macho kwenye alama nne za miguu ya kochi zulia lilipobonyea. Hakuna aliyeweza kuinuka. Mgeni rasmi hakuwa ameinuka. Mwishowe mlinzi wa ukumbi, aliyedhani watu wameshaondoka kwa jinsi kulivyo kimya, alizima taa. Gizani, kila mmoja akaamini haonekani, wakainuka wote kwa pamoja. Wa kwanza kufika mlangoni alikuwa yule mtarajiwa.

Baraza la jiji lilikutana Jumatatu.

Meya aliingia akitembea kwa shida kidogo, amenyooka kama amefungwa ubao mgongoni. Alikuwa na mpango wake, na Kaimu aliuona machoni: kumaliza ajenda, kisha kumaliza Kaimu. Lakini Naibu Meya aliomba nafasi kwanza, kwa sauti ile ile ya mtu anayeomba chumvi.

"Mheshimiwa, ni kanuni ndogo tu. Ile uliyotuletea wewe mwenyewe, tulipomwondoa yule diwani msumbufu. Kiongozi akikosa shughuli tatu rasmi mfululizo bila taarifa, kiti chake kiko wazi."

"Naijua. Nani amekosa?"

"Jioni ya Sanaa ulikuwa mgeni rasmi wa kumbi tisa. Tumeuliza kumbi zote tisa."

Madiwani wakaanza kuhesabu kimya kimya, wengine kwa vidole chini ya meza.

"Upuuzi!" Meya alisema. "Nilikuwepo!"

"Ukumbi gani, Mheshimiwa?"

Meya alivuta karatasi ya ajenda karibu.

"Kuna picha inazunguka kwenye simu za watu," Naibu aliendelea kwa upole. "Hata mjukuu wangu anayo." Akaigeuza simu yake ili wote waone. Mzee mwenye upara, chini ya kochi jekundu, juu yake mwanamke mwenye tumbo la vitambaa. Songa, songa, kodi imepanda. "Kama huyu ni wewe, basi ulikuwepo, na suala limekwisha. Sema tu ni wewe."

Meya alitazama simu. Alitazama madiwani. Wengine walikuwa wameshafunika midomo kwa viganja, na mmoja alikuwa ameinamia meza mabega yakimtikisika. Kusema ndiyo kulikuwa kubaki na kiti, na kukaa juu yake miaka iliyobaki akiangaliwa hivyo hivyo.

"Huyo si mimi," alisema.

"Una hakika?"

"Meya wa jiji hili hawezi kubeba kochi."

"Iandikwe: si yeye. Tumsikie na mtu wa itifaki. Kaimu, jioni ile ulimwona mgeni rasmi?"

Meya alimgeukia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu huyo kumwangalia Kaimu kama mtu anayemhitaji. Kaimu alisafisha koo.

"Kwa mujibu wa mwongozo, mgeni rasmi hufika na msafara na kuingia kwa mlango mkubwa. Mtu wa namna hiyo sikumwona."

Kura zilipigwa kabla chai haijapoa. Naibu Meya alishika nafasi, kwa muda, mpaka taratibu zikamilike, na taratibu za jiji lile Kaimu alizijua vizuri kuliko mtu yeyote. Alimsubiri mlangoni, akaomba dakika moja.

"Mzee, lile suala langu la kuthibitishwa. Lilibaki sahihi tu."

Yule mpole alimshika bega lile lile lililopigwa na mwenzake. "Ningependa sana, ndugu yangu. Lakini mimi mwenyewe nakaimu. Na kaimu hamthibitishi kaimu."

Jioni ya Sanaa ilikuwa bure, kama ilivyotangazwa. Iligharimu Meya mmoja. Iligharimu kochi moja la mahameli, lililovunjika mguu wa nyuma, na makochi manane ambayo hakuna aliyewahi kuyakalia. Bawabu wa geti kubwa alipoteza kazi, kwa kufuata maelekezo. Mama mkwe alirudi kwao kwa basi lile lile la siku mbili, akamuaga kila mtu nyumbani isipokuwa mkwe wake. Na Kaimu alipoteza Jumamosi zake zote, kwa sababu kikundi cha mafundi cherehani sasa kinaalikwa mji hata mji. Mkewe huondoka Ijumaa na mashoga zake, hurudi Jumapili sauti imekauka kwa kucheka, na hamuulizi amekula nini.